Siku Tisa za Kuazima

Gogo la mkaratusi lililolala mbele ya kibanda cha kahawa cha Rajabu, pale Lushoto mjini karibu na soko, lina sheria moja tu: hakuna kusema "sijui". Ukiulizwa, jibu. Huna jibu, tunga. Atakayeteleza ulimi akakiri kwamba hajui, huyo ananunulia kijiwe kizima mzunguko wa kahawa na kashata juu yake, na atachekwa mpaka masika yaishe. Ndiyo maana pale gogoni hakuna swali lililowahi kukosa jibu, na ndiyo maana wenye akili zao hawaendi pale kuuliza mambo ya maana. Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu wahamishiwe kwenye vijiji vya ujamaa. Ukungu umekaa juu ya mabati, barabara ya Mombo imekatwa na maporomoko wiki ya pili sasa, na wenye gogo wako mahali pao. Yuko Mzee Shemdoe, kofia ya chama kichwani, ambaye watu humwita Azimio kwa kuwa hata mbuzi wako akipotea atakusomea kwanza Azimio la Arusha. Yuko Danieli, aitwaye Josho, aliyembebea bwana mifugo mikoba miaka miwili kwenye josho la ng'ombe na tangu hapo anajihesabu daktari. Na yuko Salimu fundi cherehani, aitwaye Redio. Huyo ukimnong'oneza neno saa mbili, saa sita liko Soni.

Timotheo wa Gare alifika saa nne, koti limelowa mabegani. Akaamkia kama inavyopasa.

— Shikamoo, Mzee Shemdoe.

— Marahaba, mwanangu. Kwema huko Gare?

— Kwema tu, mzee.

Kwema gani! Timotheo alikuwa amejaa hofu. Mwaka jana wakati kama huu wanaume wanane walimbeba mkewe, Jenoveva, kwa machela kutoka Gare, katoka kujifungua mtoto wa tano na damu haikatiki. Timotheo alikuwa nyuma ya machela, akiikanyaga damu ya mkewe njia nzima, hana pengine pa kuweka mguu. Hospitali walimwokoa, na daktari akamvuta Timotheo kando akamwambia, "Huyu tumemrudisha. Akishika mimba nyingine, usitegemee tutamrudisha tena." Tangu siku hiyo Jenoveva anameza vidonge vya majira kila asubuhi, kwa siri, maana Timotheo ndiye anayepiga kengele ya kanisa kule Gare, na padre hataki hata kuvisikia vidonge hivyo. Nje ya zahanati aliyejua ni mmoja tu, jirani yao Mwajuma, kwa sababu naye anavimeza.

Sasa siku tisa zilizopita vidonge vya Jenoveva viliisha, na zahanati havikuwepo. Gari la dawa lingepitaje kwenye matope yale? Mwajuma kusikia hivyo akacheka. "Ndiyo unakosa usingizi kwa hilo, shoga yangu? Mbona mimi ninayo akiba!" Akafungua kopo lake, akakata kwa mkasi safu ya vidonge saba, na kipande kingine cha viwili. Ujamaa ndio huo. Wale wanawake wanaazimana chumvi, wanaazimana moto, wanaazimana jembe, watashindwa kuazimana vidonge? Asubuhi ya leo Timotheo alimwona mkewe akikiminya cha mwisho kwa kidole gumba, kidonge kidogo cha rangi ya udongo wa shambani kama vile vinane vilivyotangulia, akakisindikiza kwa uji. "Cha tisa hicho, Baba Efrazia," alimwambia. "Leo usije ukarudi mikono mitupu."

Hakutoka mikono mitupu. Zahanati palikuwa na boksi moja lililopandishwa mlimani kichwani kwa mtu, na karani wa kadi alimkabidhi paketi. Lakini haikuwa ile paketi wanayoijua. Hii ilikuwa ya kijani, na vidonge vyake vyote vya manjano. Timotheo akauliza, hivi vinaanzwa lini, leo au kesho, au mwili usubiri kwanza vile vya zamani vitoke? Karani akasema yeye kazi yake ni kadi. Maelezo ni ya nesi, na nesi amekwama Mombo.

Basi mfa maji haachi kutapatapa. Timotheo akachukua kikombe cha Rajabu, akapuliza, akasema kama mtu aliyekumbuka jambo njiani:

— Nina binamu yangu kule Mponde. Mkewe anatumia vile vidonge vya majira. Sasa amepewa aina nyingine. Hajui aanze leo au asubiri.

Redio akageuka mwili mzima.

— Binamu wa Mponde?

— Ndiyo.

— Mponde ambako mimi nina shangazi wawili. Jina lake nani?

— Utamjua wapi, Salimu? Ni wa upande wa mama.

— Mwache mtu aulize! akakemea Azimio. Swali limeletwa kijiweni, lijibiwe kwa utaratibu. Ndugu Timotheo, vile vya kwanza vimetoka nchi gani?

— Nchi? Sikuangalia, mzee.

— Ndiyo makosa yenyewe hayo! Dawa ina siasa yake, ndugu zangu. Labda kidonge cha kwanza kimetoka kambi ya mashariki, hiki cha pili kambi ya magharibi. Unavikutanisha kwenye tumbo la mwananchi, nini kitatokea? Vita baridi! Sisi siasa yetu ni kutofungamana na upande wowote. Kwa hiyo yule mama akae mwezi mzima bila kidonge chochote. Tumbo liwe huru kwanza.

— Mwezi mzima? alisema Timotheo.

— Subira huvuta heri.

Subira! Kwa mke wake subira ya mwezi mzima huenda ikavuta machela.

— Mzee, heshima yako, lakini hapo umepotoka, alisema Josho, akisogeza kofia nyuma. Mambo ya mwili niachieni mimi. Pale joshoni tulipobadilisha dawa ya kupe, bwana mifugo hakumwaga mpya juu ya kuukuu, thubutu! Tulikausha shimo lote. Tukalisugua kwa fagio. Tukaliacha siku kumi na nne linapigwa jua, ndipo tukatia mpya. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwanamke naye ni hivyo hivyo, siku kumi na nne.

— Na kupe?

— Kupe wamefanya nini?

— Hizo siku kumi na nne ambazo shimo limekauka, alisema Timotheo polepole, kupe walikuwa wapi?

— Walikuwepo, watakwenda wapi?

— Wakiuma?

— Ebo! Kupe kazi yake nini?

— Ng'ombe wakafa?

Josho akachukua kashata, akaitafuna vizuri kabla ya kujibu.

— Wachache.

— Wangapi, Danieli?

— Kumi na mmoja. Lakini walikuwa wadhaifu toka mwanzo!

Gogo zima likaangua kicheko, Rajabu naye na dele lake la kahawa mkononi. Timotheo hakucheka. Mdhaifu toka mwanzo. Jenoveva mpaka leo hapandi ngazi za kanisa bila kushika ukuta, na akiinama shambani anasimama kwa awamu mbili. Hasira ikampanda Timotheo, na aliyemkasirikia zaidi ni yeye mwenyewe kwa kuja kuuliza hapa.

— Hebu toa hiyo paketi, alisema Redio.

— Paketi gani?

— Hiyo inayotuna koti. Au ni ya binamu imekuja yenyewe kwa miguu kutoka Mponde?

Wote wakaliangalia koti. Timotheo alijisikia joto masikioni.

— Kanituma nimchukulie, alisema. Huko kwao hazipo.

— Na kadi kakupa?

— Kanipa.

— Lo! Binamu mwema huyo. Anakuamini mpaka kadi ya mkewe!

Lakini Timotheo aliitoa, maana kukataa kungekuwa vibaya zaidi. Redio akaichomoa karatasi ya ndani iliyokunjwa mara sita, yote Kiingereza, herufi ndogo kama chawa. Akaishika mbali na macho, akakunja uso.

— Ehe. Hapa wanasema... wanasema hivi. Kidonge kipya ni mgeni. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Kiingereza ndivyo kilivyoandikwa? aliuliza Rajabu.

— Mimi natoa maana yake, si neno kwa neno! Yaani siku mbili za kwanza kidonge kinapumzika tu, kinaizoea nyumba, hakijakinga kitu. Siku ya tatu ndipo kinashika kazi.

— Na hizo siku mbili mume afanye nini?

— Mume asafiri! Aende kwa shangazi.

— Aende wapi na barabara imekatwa?

— Kumbe ndugu zangu tunasahau msingi, alidakia Azimio, akinyanyuka kabisa. Kwa nini mama peke yake anabeba mzigo? Huo si unyonyaji? Paketi igawanywe katikati. Nusu mama, nusu baba. Binadamu wote ni sawa!

— Baba ameze majira? alipiga yowe Josho. Aote maziwa?

— Ng'ombe wako dume aliota maziwa kwa dawa ya kupe?

— Dume letu lilikataa majike mwaka mzima!

— Basi si ndiyo kinga yenyewe hiyo! alisema Azimio, akakaa chini kama aliyeshinda kesi.

— Mnahangaika bure, alisema Rajabu, ambaye hujibu mwishoni kwa kuwa ndiye mwenye kahawa. Marehemu bibi yangu hakujua kidonge. Alikuwa akimpa mwali kahawa chungu, vikombe vitatu, na ndimu.

— Bibi yako alizaa wangapi?

— Kumi na wawili.

Wakacheka tena mpaka kikombe cha Josho kikamwagika. Timotheo alikuwa ameshika paketi yake kwa mikono miwili. Alikuwa amepewa mwezi mzima, amepewa siku kumi na nne, amepewa siku mbili, amepewa nusu ya paketi na ndimu, na saa sita inakaribia. Kule nyumbani Jenoveva anamsubiri na mtoto mgongoni, akiamini kwamba mumewe amekwenda kwa wanaojua.

Hapo ndipo Klara alipotokea kwenye ukungu, viatu mkononi, tope limempanda mpaka magotini. Ndiye huyo nesi aliyekwama Mombo. Alikuwa amepanda lori la mbao mpaka kwenye maporomoko, na kuanzia hapo alitembea kwa miguu yake.

— Shikamoo, Mzee Shemdoe. Rajabu, nipe kahawa kabla sijaanguka.

— Marahaba, mama! Pole sana kwa safari.

— Nesi Klara! alisema Redio. Tulishasikia umeolewa Mombo.

— Na ulilisikia kwako mwenyewe, sina shaka.

Hawakumwacha hata akakaa vizuri, wakamweleza habari ya mke wa binamu wa Mponde. Kila mmoja alitaka ahukumiwe yeye ndiye mshindi. Josho alimweleza siku kumi na nne, Azimio akamweleza kambi mbili, Redio akampa mgeni na jembe lake. Klara alikunywa kahawa yake mpaka nusu kikombe.

— Huyo mama, alisema, sasa hivi anameza nini?

— Vya kuazima, alisema Timotheo. Vyake viliisha. Jirani akamwazima vidonge tisa. Leo asubuhi amemaliza.

— Jirani naye anatumia paketi ile ile ya zamani?

— Ile ile.

— Na hivyo vya kuazima vilikuwa rangi gani?

Ajabu ya watu! Wanaume wale walikuwa wamebishana saa nzima juu ya kitu ambacho hata mmoja wao hajawahi kukitia machoni. Lakini sheria ni sheria.

— Vyeupe, alisema Azimio. Dawa ni nyeupe.

— Vya buluu, alisema Josho.

— Karatasi inasema vyekundu, alisema Redio.

Timotheo aliona tena kile kidonge cha asubuhi kidoleni kwa Jenoveva.

— Vya udongo, alisema.

Klara akaweka kikombe chini.

— Vyote?

— Vyote tisa.

— Una hakika, baba? Hapakuwa na cheupe hata kimoja?

— Hapakuwa na cheupe.

Nesi alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Aliposema, alisema taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo asije akauvunja.

— Paketi ile ina vidonge ishirini na nane. Vyeupe ishirini na kimoja, hivyo ndivyo vinavyokinga. Vile saba vya mwisho, vya udongo, ni vya kuongeza damu tu. Vimewekwa ili mwanamke asipoteze mazoea ya kumeza kila siku. Siku saba hizo mwili unavumilia, kwa sababu siku ya nane anarudi kwenye vyeupe. Huyu alimaliza saba vyake, akaongeza tisa vya jirani, hakurudi. Na yule jirani, msimlaumu. Wengi wakiingia siku zao wanaona vile vya udongo havina haja, hawavimezi, wanaviweka. Ndiyo akiba aliyokuwa nayo. Ametoa kwa moyo wote.

— Akiba haiozi, alinong'ona Rajabu.

— Kwa hiyo hizo siku tisa... alianza Timotheo.

— Ni kama hakumeza kitu. Sasa niambie, na mumewe je? Siku hizo tisa alikuwa nyumbani?

— Alikuwa nyumbani.

— Wanalala pamoja?

— Wanalala pamoja.

— Wewe wa Gare, alisema Klara, mambo ya chumbani ya Mponde umeyajuaje?

Timotheo alimtazama Redio, mdomo ule uliofika Soni kabla ya basi. Akaiona kamba ya kengele mkononi mwa mtu mwingine Jumapili, na padre akimpita mlangoni bila salamu. Aliona aibu kweli kweli, aibu ya kuvuliwa nguo sokoni. Kisha akaikumbuka ile damu ya njiani nyuma ya machela, na aibu ikawa kitu kidogo.

— Kwa sababu ni mke wangu, alisema. Hakuna binamu. Ni Jenoveva wangu. Na daktari alisema mimba nyingine nitamzika.

Josho akavua kofia.

— Sikiliza, Baba Efrazia, alisema Klara, kwani kumbe alimjua Jenoveva vizuri. Nenda sasa hivi. Aanze hivi vipya leo hii, akishavipokea tu. Usisubiri mwezi wala wiki, usisubiri hata kesho. Hivi vyote vina kazi, havina vya udongo. Kimoja kila siku, saa ile ile. Vikiisha vyote ishirini na kimoja, apumzike siku saba tu, siku ya nane aanze paketi nyingine. Siku saba hizi za kwanza mlale mbalimbali, umenisikia? Usimguse. Asiazime kwa mtu tena. Na mwambie huyo jirani naye aje, nimweleze mwenyewe.

— Siku saba, mbalimbali, kimoja kila siku. Nimesikia.

— Na asipoziona siku zake, mlete siku hiyo hiyo. Hata kwa machela.

Timotheo aliitia paketi kifuani, ndani ya shati, akafunga koti. Redio alikuwa amekunja ile karatasi ya Kiingereza mara sita kama ilivyokuwa, akamrudishia bila kumtazama machoni.

— Mgosi, ndugu yangu, alisema kwa sauti ya chini. Leo betri zangu zimekwisha. Sikusikia kitu hapa.

Timotheo aliitikia kwa kichwa. Akapiga hatua tatu kuelekea njia ya Gare, akasimama, akarudi hatua moja.

— Nesi. Hizi saba za mbele nimezielewa. Lakini zile tisa zilizopita?

Klara alikitazama kikombe chake.

— Zile tisa ndiyo nini, baba?

— Ameshashika mimba, au hajashika?

Akawaangalia wote, mmoja mmoja. Akamwangalia Azimio mwenye jibu la kila jambo, akamwangalia Josho wa siku kumi na nne, akamwangalia Redio. Mwishoni macho yakarudi kwa nesi, aliyesomea kazi hiyo miaka mitatu na kuifanya kumi na mmoja.

— Sijui, alisema Klara.

Rajabu alikuwa na dele mkononi, kahawa imo, na vikombe vitano vimepangwa. Hakuna aliyedai mzunguko.